Kabla Sufuria Haijainjikwa

Maelekezo ya kupika machalari hayajazi hata nusu ukurasa. Nyama ya ng'ombe, heri ikiwa na mfupa, huchemshwa kwa chumvi mpaka ianze kulainika. Ndizi mbichi humenywa, hukatwa na kutumbukizwa katika supu hiyo. Kitunguu na nyanya hufuata, karoti na hoho kwa anayependa, na baadhi ya nyumba humalizia kwa maziwa au samli. Moto hupunguzwa, mfuniko hurudishwa, na chakula huwa tayari pale rojo inapokuwa nzito na ndizi inapokatika kwa kijiko bila kuvurugika. Hakuna kukaanga viungo, hakuna kuloweka nyama usiku kucha, hakuna mapambo. Mtu aliyekulia kwenye pilau na mchuzi wa nazi akikaribishwa chakula hiki Marangu au Machame anaweza kuuliza, kwa nia njema kabisa, ufundi wake uko wapi. Swali hilo linastahili jibu, kwa sababu hata wenyeji wa Kilimanjaro siku hizi hulijibu vibaya. Husema ni chakula rahisi tu cha nyumbani, kana kwamba urahisi huo ulishuka wenyewe kutoka mlimani. Hoja yangu ni kwamba ufundi upo na ni mkubwa, ila sehemu yake kubwa hufanyika kabla sufuria haijainjikwa: katika kuijua ndizi, kuikata kwa wakati wake, na kuipatanisha na vinavyoota jirani yake. Jikoni hubaki kazi ndogo kwa kuwa kazi kubwa imekwisha shambani na sokoni. Na kama ni hivyo, anayetaka kuyahifadhi mapishi haya kwa kuandika vipimo vya nyama na chumvi anahifadhi kitu ambacho hakikuwa hatarini.

Maelekezo mengi yanayosambazwa siku hizi husema "ndizi mbichi kumi na mbili" yakaishia hapo. Kwa mpishi wa Kibosho au Mwika, agizo hilo halijasema kitu. Ndizi gani? Mchare, ndefu na nyembamba, hulainika upesi, hunyonya supu na hukubali kupondwa ikawa laini kabisa. Ndiyo kipenzi cha machalari na cha mtori, supu nzito ya ndizi zilizopondwa. Ndizi ng'ombe ni nene na nzito, hupikwa pia, na ikiiva huingia katika pombe. Mzuzu hukaa imara ndani ya mafuta na juu ya makaa, ndiyo maana hukaangwa na kuchomwa. Kisukari na kimalindi huachwa ziive, zikaliwa na watoto wakirudi kutoka shule. Mpishi akizibadilisha bila kujua, atapata chakula kingine kabisa hata kama amefuata kila hatua nyingine. Na mchare si ndizi ya kawaida hata machoni pa sayansi. Kundi lake ni la nyanda za juu za kaskazini mwa Tanzania, lina jamaa zake pwani, visiwani Zanzibar na hadi Komoro, na halilimwi kiasili mahali pengine popote duniani kwa namna linavyolimwa huku. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba jamaa wa kundi hilo ni miongoni mwa wazazi wa Cavendish, ndizi tamu inayojaa maduka ya Ulaya na Marekani, na wa Gros Michel iliyoitangulia. Mtu anayeona mtori kuwa chakula cha kijijini kisicho na historia ameshika bakuli lenye ukoo uliokwishaizunguka dunia.

Kuchagua aina ni hatua ya kwanza tu. Ndizi hubadilika siku hadi siku, na mpishi hupika siku fulani ya maisha yake. Ndizi ikikatwa ikiwa bado na kingo kali ubavuni, haijajaa wanga, ikipikwa huwa na maji na ukakasi. Kingo zikianza kuviringika, imekomaa. Ikipita hapo, wanga wake huanza kugeuka sukari, na machalari yaliyopikwa kwa ndizi iliyoanza kugeuka huwa na utamu usiotakiwa, hata rojo yake hulegea. Kwenye mkungu mmoja chana hazikomai kwa pamoja: zile za juu, zilizotangulia kuchomoza, ndizo nene na ndizo hutangulia. Kwa hiyo nyumba inayojua mambo yake huweza kupika chana za juu leo, kuacha nyingine kwa keshokutwa, na kufunika za mwisho ziive. Zikiiva sana nazo hazitupwi. Huchemshwa, maji yake huchanganywa na uji wa ulezi uliooteshwa, na magome machungu ya msesewa hutia ukali unaoitofautisha mbege na pombe nyingine zote za ndizi Afrika Mashariki. Mmea ni mmoja na mkungu ni mmoja, lakini umetoa mlo wa leo, wa kesho, na kinywaji cha mkutano wa ukoo, kila kitu kikitegemea mtu aliyetazama kingo za ndizi na kuamua. Hata kumenya kuna elimu yake. Utomvu wa ndizi mbichi huganda mikononi na kutia weusi kwenye nguo na kisu, na nyama ya ndizi ikiachwa kwenye hewa hubadilika rangi. Ndiyo sababu ya mafuta kidogo viganjani na beseni la maji pembeni, au limau, ili mtori utoke mweupe na si wa kijivu.

Sasa tutoke jikoni tuingie kihambani, kwa sababu hapo ndipo chakula hiki hupangwa. Kihamba ni shamba linaloizunguka nyumba, kati ya takriban mita 900 na 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kwa macho ya mgeni huonekana kama msitu uliojiotea. Juu kabisa ipo miti mirefu ya mbao na kivuli; chini yake migomba; chini ya migomba kahawa; chini ya kahawa magimbi, maharage, mboga za majani, na mnafu ambao mara nyingi huota bila kupandwa. Viazi vikuu hupanda kwenye miti. Ng'ombe na mbuzi hukaa bandani, hula magogo ya migomba na majani yaliyobebwa kutoka tambarare, na samadi yao hurudi kwenye mashina. Maji hushushwa kwa mifongo, mifereji iliyochimbwa na koo mbalimbali tangu kabla ya ukoloni. Wataalamu wa mimea wamehesabu zaidi ya aina 500 za mimea katika vihamba vya mlima huu, na utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta wastani wa shamba la familia moja ni hekta 0.68 tu, chini kidogo ya ekari mbili. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, liliutambua mfumo huu kuwa urithi wa kilimo wenye umuhimu kwa dunia, likichukua kijiji cha Shimbwe Juu kuwa mfano wake. Anayesoma taarifa za namna hiyo hukutana na maneno mengi juu ya udongo, maji na bayoanuwai. Jambo ambalo husemwa kwa nadra ni kwamba kihamba kimepangwa na watu waliokuwa wakifikiria sufuria. Ndizi, maharage, majani, maziwa na mafuta yake, nyama siku ikipatikana: orodha ya vinavyoota na kufugwa humo ndiyo orodha ya vinavyoingia katika machalari na katika kiburu cha ndizi na maharage.

Hii inaeleza pia kwa nini viungo ni vichache. Mapishi ya pwani yalikua bandarini, mahali ambapo iliki, mdalasini na bizari vilishuka majahazini, na nazi ilikuwa nyuma ya kila nyumba. Ndizi hiyo hiyo ikifika Tanga au Unguja huvaa tui. Bukoba huipika na maharage au samaki wa ziwani, Uganda huifunga ndani ya majani ya mgomba na kuiivisha kwa mvuke, Rungwe nako wana namna yao. Hakuna aliyekosea. Kila mahali pamechukua kile kilicho mkononi, na mlimani kilichokuwa mkononi ni supu ya mfupa, maziwa, magadi na ndizi iliyokatwa asubuhi. Ndizi mbichi iliyokatwa karibuni ina ladha yake nyepesi, yenye harufu kidogo ya majani, na kiungo kikali huifuta. Uchache wa viungo Kilimanjaro ni uamuzi wa watu wanaotaka kuionja ndizi.

Kiburu kinaonyesha upatanisho huo vizuri kuliko chakula kingine chochote. Ni ndizi na maharage vilivyopikwa pamoja kwa magadi mpaka vikakaribia kuwa kitu kimoja, vikatiwa mafuta na chumvi. Ndizi ina wanga na potasiamu kwa wingi, lakini protini yake ni kama gramu moja tu katika gramu 100. Maharage makavu yana zaidi ya gramu 20 katika kipimo hicho hicho, pamoja na madini ya chuma. Familia isiyochinja kila juma ilihitaji njia ya kufanya ndizi itoshe, na kiburu ndiyo njia hiyo. Magadi, yaliyokuwa yakipatikana kwa biashara na watu wa tambarare, hulainisha ganda la maharage na kupunguza muda wa kuni. Yana gharama yake pia, maana magadi yakizidi huharibu sehemu ya vitamini B1 na kuongeza chumvi mwilini, jambo ambalo mwenye shinikizo la damu anapaswa kulijua. Kiasi kidogo kinatosha, na mpishi mzoefu hutia kidogo kwa sababu nyingine: magadi mengi yana ladha ya sabuni.

Dunia imekwisha kuona nini hutokea chakula kinapohama na ujuzi wake ukaachwa nyuma. Wenyeji wa Mexiko na wa eneo ambalo leo ni kusini-magharibi mwa Marekani huchemsha mahindi kwa maji ya chokaa au majivu kabla ya kuyatumia. Familia za New Mexico bado hupika posole, mahindi ya namna hiyo kwa nyama na pilipili, katika sufuria moja ya nyumbani inayokaribiana kwa tabia na yetu. Mahindi yalipovuka bahari kwenda Ulaya, chokaa haikufuata. Waliokula mahindi karibu peke yake huko Uhispania na Italia, na baadaye mafukara wa majimbo ya kusini mwa Marekani, waliugua pelagra, ugonjwa wa ngozi, tumbo na akili unaotokana na upungufu wa niasini. Kule Mexiko chokaa ilikuwa ikiifungua niasini iliyofungwa ndani ya punje, na maharage yalikuwa yakijaza mapengo mengine. Watu walichukua mbegu wakaacha namna ya kuipika, nayo ndiyo iliyokuwa ikilinda afya. Magadi ya kiburu hayafanyi kazi ile ile ya chokaa ya posole, na sidai hivyo. Ninachodai ni kwamba chakula cha kienyeji hushika elimu katika mambo yanayoonekana madogo, kama nini kinapikwa na nini na kwa utaratibu upi, na elimu hiyo hupotea bila mtu kutambua siku yenyewe.

Mtori ni ushahidi mwingine. Vitu vyake ni vile vile vya machalari: nyama, ndizi, kitunguu, chumvi. Tofauti iko kwenye maji na mwiko. Ndizi huiva mpaka ilainike kabisa, nyama hutolewa na kuchambuliwa, ndizi hupondwa mpaka mabonge yote yaishe, kisha supu hurudishwa kidogo kidogo. Chakula cha kutafuna kimegeuka cha kunywa, na kwa hiyo walaji wamebadilika. Huyu ni mzazi aliyejifungua, ambaye kwa desturi ya mlimani hukaa ndani wiki kadhaa akilishwa na kupumzishwa. Yule ni mgonjwa asiye na hamu, au mzee asiye na meno, au mtoto aliyetimiza miezi sita na kuanza kula. Na asubuhi katika migahawa ya Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam, ni mtu yeyote mwenye haraka ya kwenda kazini. Nyumba yenye mkungu mmoja, kilo moja ya nyama na kikombe cha maharage inaweza kuwalisha watu wa rika zote bila kununua kitu cha pekee kwa ajili ya yeyote kati yao. Hilo ni jambo zito kuliko wingi wa viungo, na ndilo ningependa lihesabiwe kwanza mtu anapotaka kuyapima mapishi ya familia.

Wapo watakaosema ninasifia wanga. Tanzania ina mzigo wa magonjwa yasiyoambukiza: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 uliowapima watu wazima wa miaka 25 hadi 64 ulikuta takriban 9 katika kila 100 wana kisukari na 26 wana shinikizo la juu la damu. Je, bakuli la ndizi na nyama ya mafuta ndilo la kupendekezwa? Pingamizi hili lina uzito, hasa kwa machalari ya sherehe, ambayo nyama huishinda ndizi na mafuta huelea juu. Lakini mlo wa sherehe haukuwa mlo wa Jumanne. Mlo wa Jumanne ulikuwa ndizi na maharage, ndizi na mnafu, ndizi na maziwa ya mgando, na kutembea mitelemko ya mlima tangu alfajiri. Kilichokuja mjini ni sherehe bila Jumanne: nyama nyingi, soda pembeni, na kiti. Nadhani dawa ni kurudisha maharage na majani katika sufuria, si kuiacha ndizi. Pia tusijidanganye kwamba wingi wa chakula ni lishe tosha. Iringa ni kati ya mikoa inayozalisha mahindi kwa wingi, lakini utafiti wa afya ya jamii wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wake wa chini ya miaka mitano wamedumaa, wakati wastani wa taifa ulikuwa 30 katika 100. Somo hilo linahusu Kilimanjaro pia. Mtori mwepesi uliojaa maji, usio na nyama iliyosagwa wala maziwa, hushibisha tumbo dogo la mtoto bila kumjenga. Uzito wa mtori wa mtoto ni suala la afya, na bibi anayeusimamia mwiko anajua hivyo.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi, nalo husema hakuna asili ya kulinda hapa. Nyanya, mahindi, maharage haya tunayokula, viazi mviringo, pilipili hoho, vyote asili yake ni mabara ya Amerika. Kitunguu na karoti navyo vilikuja na wageni. Kahawa iliyo chini ya migomba ilipandwa na wamisionari wa Kikatoliki kule Kilema mwishoni mwa karne ya 19, ikawa uti wa mgongo wa uchumi wa Wachaga, wakaunda chama chao cha wakulima mwaka 1925 na ushirika wa KNCU mwaka 1933. Hata ndizi yenyewe chimbuko lake ni Asia ya Kusini-Mashariki. Basi kwa nini mtu alaumiwe akitia viungo vya pakiti katika machalari au akisaga mtori kwa blenda? Nakubaliana na ukweli wote huu, na simlaumu. Mlima umepokea kila kilichopanda na kukipa nafasi chini ya mgomba. Lakini kupokea kulikuwa na kipimo. Maharage yalikaa kwa sababu yaliijaza ndizi pale ilipopungua. Karoti ilikaa kwa kuwa utamu wake hauigombi supu. Kahawa ilikaa kwa kuwa iliweza kuishi kivulini bila kuing'oa migomba. Blenda inafaulu kipimo hicho, ingawa ikisagwa mno ndizi hunata kama gundi. Kiungo cha pakiti chenye chumvi kali na ladha moja kwa kila mchuzi hakifaulu, maana kikiingia, machalari ya mchare, ya ndizi ng'ombe na ya ndizi iliyopitiliza huwa na ladha ile ile, na mlaji hupoteza sababu ya kujua tofauti yake. Watoto waliolelewa kwa ladha hiyo hawatauliza ndizi gani imenunuliwa.

Hapo tunafika kwenye pingamizi la mfuko na muda, ambalo ndilo la watu wengi. Kihamba kinagawanywa kwa watoto wa kiume kizazi baada ya kizazi, hekta 0.68 za miaka ya themanini si tena za mtu mmoja. Maelfu wanaishi Moshi mjini, Arusha na Dar es Salaam katika vyumba visivyo na hata kiganja cha udongo. Wali umekuwa karibu zaidi: tangu mradi wa umwagiliaji wa Lower Moshi ujengwe kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980, mpunga hutoka mashamba ya tambarare, mwendo mfupi kutoka mjini. Ugali huiva upesi kuliko vyote. Na bei ya kahawa ilipoporomoka baada ya makubaliano ya kimataifa ya kahawa kuvunjika mwaka 1989, kaya nyingi ziligeukia ndizi kuwa fedha. Mikungu hupakiwa malori kwenda Dar es Salaam, na chana zinazobaki nyumbani mara nyingi ni zile ambazo mchuuzi amezikataa. Ndiyo maana kwa familia nyingi machalari yamebaki chakula cha Desemba, wakati mabasi ya kutoka Dar yanapojaa na kila boma linachinja. Mimi naona hili ndilo badiliko kubwa kuliko yote, kwa sababu ujuzi wa kuitazama ndizi haufundishwi kwa siku kumi za likizo.

Hata hivyo gharama haizuii kama inavyodhaniwa. Makande ya mahindi na maharage makavu huchukua saa kadhaa za mkaa. Ndizi iliyomenywa huiva ndani ya kama nusu saa. Serikali ilipozindua mkakati wa nishati safi ya kupikia mwaka 2024, wenye lengo la kufikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, mazungumzo mengi yalihusu majiko na mitungi. Chakula kinachoiva haraka ni sehemu ya hesabu hiyo. Maharage yakichemshwa kwa wingi siku moja na kugawanywa, kiburu cha jioni hakihitaji gesi nyingi kuliko wali. Sokoni Mbuyuni au Kiboriloni, mjini Moshi, mama anayeuza ndizi hujua kila chana ilikotoka na ilikatwa lini, na akiulizwa hueleza: hii ya leo pika leo, hii ingoje. Tatizo ni kwamba wanunuzi wengi huuliza bei tu. Kilichokuwa elimu ya kila nyumba sasa kimekaa kwa wauzaji, na wao ni wanawake wa umri mkubwa. Na kwa sababu kumenya, kuponda na kubeba majani ya ng'ombe kuliachwa kwa wanawake peke yao, binti anayesema hataki kurudi kwenye maisha hayo ana haki. Anayetaka mapishi haya yaendelee awafundishe wavulana kuchagua mchare na kushika mwiko. Sioni njia nyingine ya haki.

Kuna hatari moja ambayo haingoji mabadiliko ya tabia zetu. Mchare hushambuliwa na mnyauko unaosababishwa na kuvu wa udongoni, Fusarium, anayeziba mishipa ya maji ya mgomba mpaka majani yanakauka na kuning'inia. Kuvu huyo hukaa ardhini kwa miongo, na husafiri ndani ya machipukizi, yale ambayo jirani humpa jirani kwa wema. Hakuna dawa ya kunyunyizia inayomwondoa. Njia iliyobaki ni machipukizi safi na aina zenye ukinzani, na kazi hiyo inaendelea: mwaka 2021 Tanzania iliidhinisha aina nne chotara za ndizi za kupika, zilizopewa jina la TARIBAN, zilizotokana na ushirikiano wa taasisi ya utafiti wa kilimo Tanzania, TARI, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha kitropiki, IITA, na watafiti wa Uganda. Huzaa vizuri na hustahimili madoa meusi ya majani, lakini ukoo wake ni wa matoke, ndizi za kupika za Uganda. Uzalishaji wa mchare mpya, unaofanywa na IITA mjini Arusha katika Taasisi ya Nelson Mandela, ni wa polepole, kwa kuwa mgomba wa kupika hutoa mbegu kwa nadra na kila jaribio hungoja mkungu ukomae. Katika majaribio ya namna hii wakulima huitwa kuonja ndizi iliyochemshwa na kutoa alama za rangi, ladha na ulaini. Ndizi iliyochemshwa peke yake haitoshi kuihukumu mchare. Ipikwe machalari, iachwe usiku, ipashwe moto asubuhi, tuone kama bado inashika umbo lake. Ipondwe mtori, tuone kama inakubali supu bila kunata. Ipikwe kwa magadi na maharage. Na mezani pa waamuzi wakae wale akina mama wa Kiboriloni, kabla aina hiyo haijapewa jina na kugawiwa mlimani.